Nyeusi Mwisho

Saa tatu asubuhi, fundi wa maabara ya udongo alifika bondeni, kwenye kiwanja cha wodi ya wazazi, na kabla hajatua begi alijua kuna jambo. Kiangazi kilikuwa kimepasua ardhi yote, nyufa za kuingiza mkono, isipokuwa mstatili mmoja laini ulio sawa na kitanda. Akapiga simu polisi. Saa nne wakamfukua humo mpima udongo, aliyetoweka tangu jana yake alasiri. Fundi alikaa chini pale pale. Yeye na marehemu walikuwa wametumia meza moja maabarani miaka sita.

Kufikia saa sita mlinzi wa kiwanja alikuwa ameshatiwa pingu. Beleshi lenye damu lililookotwa hapo lilikuwa lake, na juzi aligombana na marehemu kuhusu maharage yake yaliyokanyagwa. Mlinzi huyo alikuwa mjomba wake fundi, ndiye aliyemlea.

"Mjomba, ulimgusa?"

"Nilimtukana, mwanangu. Kumgusa, hapana. Beleshi hulala nje, kila mtu analiona."

Fundi akarudi shimoni. Polisi walikuwa wamefukua nusu. Nusu iliyobaki ilionyesha tabaka zote. Chini manjano yenye vijiwe vya chokaa, katikati kijivu, juu nyeusi.

"Afande, mjomba hakufukia shimo hili."

"Kwa sababu ni mjomba wako?" aliuliza mpelelezi.

"Kwa sababu ni mvivu. Mwezi uliopita alimzika mbwa wake pale uani. Chokaa ya chini iko juu mpaka leo, nenda katazame. Aliyefukia hapa karudisha kila tabaka mahali pake. Hayo ni mazoea ya kazi yetu, na tuliowahi kufanya kazi hapa ni marehemu, mimi na Profesa."

"Wewe jana ulishinda maabara, nimeshauliza."

Jina la Profesa lilikuwa limemtoka fundi kabla hajalipima. Profesa ndiye aliyemfundisha kazi. Wanafunzi walimwita Baba Tabaka.

Profesa alikuja saa tisa kutoa pole.

"Umewahi kufika hapa?" mpelelezi alimuuliza.

"Mwaka jana, nilipopima kiwanja cha wodi ya wazazi. Tangu hapo sijakanyaga."

Kama walivyopanga na mpelelezi, fundi akaanza kufukia, akitupa udongo mweusi kwanza. Beleshi la tatu, Profesa akamshika mkono.

"Nyeusi mwisho, binti. Nimekufundisha mara ngapi?"

Fundi akamgeukia. "Na jana, Profesa?"

Mpelelezi akafunua karatasi iliyotoka kwenye begi la marehemu. "Ripoti yako inasema hapa pana udongo mwekundu, usiovimba. Uliuona wapi?"

Profesa akatazama kilimani, kulikokuwa kwekundu.

"Nilichimba kule juu. Huku bondeni nikakisia, nilikuwa nimechoka. Jana marehemu akaniita nione. Udongo huu mvua ikija unavimba, kiangazi unapasuka. Kuta zingewaangukia wazazi na vichanga. Nikamwomba anifichie aibu. Miaka thelathini jina langu halina doa. Akasema ataandika alichokiona, akanipa mgongo."

"Ukampiga."

"Nikampiga. Kisha nikamfukia vizuri."

Hilo neno *vizuri* ndilo lililomliza fundi.

Siku mbili baadaye, polisi walipomaliza na shimo, mjomba aliyeachiwa huru alikuja kumsaidia kulifukia. Akachota udongo uliokuwa karibu, mweusi, akainua beleshi.

"Nyeusi mwisho, mjomba," fundi alisema, na sauti aliyoisikia ilikuwa ya Profesa.