Filimbi ya Droo ya Chini

Kazi yangu ni kupokea mizigo ghalani. Boksi likiingia limefungwa vizuri kupita kiasi, mimi ndiye ninayelifungua. Nyumbani wananiita Mkaguzi, na wanaponiita hivyo wanacheka, lakini kikiharibika kitu wananijia mbio kuniuliza nilikuwa nimeona nini. Haya ninayosimulia yalimpata mtoto wa mdogo wangu, binti tunayemwita Chiriku kwa jinsi anavyopenda kuongea. Sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo tangu dukani.

Chiriku ana pumu. Tangu mchanga kifua chake hulia, sauti nyembamba inayopanda na kushuka, na mama yake, ambaye hushona sare za shule sebuleni kwake, amezoea kukanyaga cherehani huku sikio moja likiwa kwa mtoto. Nesi wa kliniki ndiye aliyeshauri mtoto apige chombo cha kupuliza, ili kifua kipate mazoezi. Akanunuliwa filimbi ya bati, zile za rangi ya kijani zinazouzwa pamoja na madaftari na mipira ya plastiki.

Mwalimu wake wa muziki alimwonyesha matundu, akamfundisha na mbinu moja ya wapiga filimbi. Mate yakijaa kwenye kinywa cha filimbi, sauti hukwama. Dawa yake ni kuvuta pumzi kidogo kwa ndani, haraka, katikati ya wimbo, bila kuitoa filimbi mdomoni. Chiriku aliizoea mbinu hiyo mpaka akawa anaifanya bila kujijua, kama mtu anavyopepesa macho.

Rangi ikabanduka. Kinywa kikapata ufa, noti za juu zikawa kelele za kutia meno ganzi. Jumamosi moja, baada ya kufua na kuanika, tukatoka watatu kutafuta filimbi iliyo bora kidogo, ila isiyotushinda bei.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya kinyozi na muuza vioo. Fundi alikuwa ameifungua kodiani mezani, anaipaka gundi mikunjo yake. Akafuta mikono, akatandika kitambaa, akatupangia bidhaa. Ya kwanza ilikuwa ya bati tu, ila nyekundu. Nikamwambia mdogo wangu huko ni kuhama chumba ukabaki na paa lilelile linalovuja. Ya pili ilikuwa ya shaba nene, inang'aa, sauti yake tamu hadi kinyozi akachungulia. Mdogo wangu aliposikia bei aliirudisha kwenye kitambaa taratibu, kwa vidole viwili. Kila moja fundi aliipuliza mwenyewe, kisha akaipangusa kwa shati lake.

Mdogo wangu akauliza kama hakuna ya kati na kati. Fundi akasita. Akatutazama mmojammoja, akainama na kufungua droo ya chini kabisa.

Ilikuwa ya shaba, imefifia. Kinywa chake kilikuwa cha kuchomoka, unakisogeza mbele au nyuma mpaka sauti ikae sawa, kitu ambacho za bati hazina. Ilishatumika, na mtu aliyeitumia aliipiga sana, maana kingo za matundu yote sita zilikuwa zimelainika. Bei yake ilizidi ya bati kwa kitu kidogo tu. Macho ya mdogo wangu yakachangamka. Yangu mimi yakaanza kutafuta kasoro.

Niliigeuza kila upande. Haina ufa. Haina kibonyeo. Nikaigonga kwa ukucha, ikalia safi. Kitu kizima kwa bei hiyo kina sababu, na sababu ikikosekana nje, basi iko ndani. Nikamwambia fundi aipulize tuisikie.

Hakuipuliza. Alitoa mpira wa honi ya baiskeli, ule wa kubonyeza kwa kiganja, akauchomeka kwenye kinywa cha filimbi na kuukamua. Sauti iliyotoka ilikuwa nzuri mno.

"Mbona hii hupulizi mwenyewe?" nikamuuliza.

"Usafi, mama."

Nikalitazama shati lake, na alama za mate ya filimbi zile mbili. Mdogo wangu alikuwa ameshafungua pochi.

Baada ya kumrudishia mdogo wangu chenji, fundi alinisogelea na kushusha sauti. "Ikijaa mate, aitikise. Asivute."

"Kwa nini asivute?"

"Aitikise tu, mama."

Niligeuka ili niwaambie. Chiriku alikuwa mlangoni, filimbi iko mdomoni tayari, wimbo wake wa shule unapanda. Sauti ikakwama. Nikasikia kile kifyonzo kidogo cha haraka. Wimbo ukaendelea. Fundi naye alikisikia, maana aliinamia kodiani yake na hakutuaga.

Njiani Chiriku alikuwa analamba midomo. Akasema filimbi yake mpya ina ladha ya dawa ya kikohozi.

Niliwaeleza onyo la fundi, wakaniangalia vile wanavyoniangaliaga. Mdogo wangu alisema muuzaji anayetoa masharti ni muuzaji mwaminifu. Chiriku aliahidi atakuwa anaitikisa. Lakini mdomo uliozoea hausubiri ruhusa, na kila nilipomtembelea nilikisikia kifyonzo kile katikati ya wimbo.

Halafu kifua chake kikanyamaza.

Hakikupungua kulia, kilinyamaza kabisa. Pampu yake ya pumu ikakaa juu ya kabati mpaka ikashika vumbi. Akapanda kilima cha kwenda shule bila kusimama. Mdogo wangu akaanza kulala usingizi wa kweli, akanenepa kidogo usoni, akawa anaimba akishona. Majirani walifurahi, na mimi pia nilifurahi. Lakini mzigo ukiwa mwepesi kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi, mimi huuliza kimetolewa nini.

Alasiri moja nilitoka kazini nikapitia kwao. Mdogo wangu alikuwa kwenye cherehani, Chiriku kwenye mkeka anapiga. Wimbo sikuujua. Ulikuwa mzito, wa polepole, wa mtu mzima. Nikaketi karibu na kumtazama kifua. Watoto wakipiga filimbi mabega hupanda, mbavu hutanuka. Yake hayakupanda. Wimbo ulikwenda, ukazunguka, ukarudi, na ile blauzi ya shule haikusogea hata kidogo.

Ukafika mahali ukakatika, pabaya, kama mguu uliokosa ngazi.

"Nani kakufundisha huo?"

Alisafisha koo kwanza. Mkoromo mzito, wa mzee aliyevuta sigara maisha yake yote. "Hakuna, mama mkubwa. Unakuja tu."

"Mbona huumalizi?"

"Pumzi haijatosha. Imebaki kidogo."

Mama yake akamtuma akaoge. Naye akaenda jikoni kuangalia chungu. Nikabaki na filimbi, imelazwa juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na vipande vya vitambaa. Nyumba ilikuwa kimya. Nikasikia mtoto anahangaika kupumua, ile sauti nyembamba, inapanda, inashuka. Niliifahamu. Nilishawahi kumbeba Chiriku mgongoni usiku kucha, sauti ile ikinilia shingoni.

Chiriku alikuwa bafuni, anacheka na maji.

Kwenye kinywa cha filimbi palikuwa na uzi mweupe, umeanguka kutoka kwenye cherehani. Uzi ule ulivutwa ndani. Ukasukumwa nje. Ukavutwa tena.

Niliwahi jikoni nikamnong'oneza mdogo wangu kila kitu, nikamwambia filimbi ile irudishwe kesho asubuhi. Hakunicheka safari hii. Aliweka mwiko chini.

"Dada," akasema, "mwanangu analala. Sikai tena gizani nasubiri kama atavuta pumzi nyingine. Unataka niirudishe?"

Nilimpenda kwa jibu lile, na lilinitisha kuliko uzi.

Kesho yake, muda wa chakula cha mchana, nilikwenda kwa fundi. Aliponiona tu akaacha kazi.

"Alivuta," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ulisikia mwenyewe. Ina nini?"

Alitazama mlangoni, kisha akazungumza kwa sauti ya chini mpaka ikabidi niinamie meza. Mwenye filimbi alikuwa mtu wa kifua kibovu. Pumzi ilimkatikia filimbi iko mdomoni, wimbo haujaisha. Wengi waliinunua baadaye, wakapiga wakachoka wakairudisha, hawakupatwa na lolote, kwa sababu anayepuliza anatoa tu. Anayevuta ndiye anayepokea. Pumzi ya marehemu inaingia kwake, na ya kwake inabaki mle ndani.

"Na wimbo ukiisha?"

"Kila mmoja anabaki na alichonacho. Na aliyonayo mtoto, mama, ni pumzi ya mwisho."

Ningeweza kumtukana, na maneno nilikuwa nayo. Lakini alikuwa ameshanitilia mkononi ule mpira wa honi. Akanieleza kwa kifupi: niubonyeze kwanza, niuchomeke kwenye kinywa, niuachie. Utavuta. Kisha nimrudishie mtoto mdomoni.

Sikurudi ghalani. Nilikwenda kwa mdogo wangu nusu nakimbia, jua la mchana kichwani, watu wananipisha. Kona ya mwisho nikausikia wimbo.

Ulifika pale unapokatika. Haukukatika.

Nilikimbia.

Cherehani ilikuwa imesimama. Mdogo wangu alikuwa katikati ya sebule, mikono kifuani, machozi yanamtoka. Ya furaha.

"Unasikia, dada? Leo anaumaliza."

Midomo ya Chiriku ilikuwa na rangi ya jivu. Macho yalikuwa ukutani. Vidole vinacheza. Kifua hakisogei. Nikaishika filimbi nikavuta. Aliing'ang'ania kwa meno. Nikavuta tena. Ikatoka.

Noti ile iliendelea kulia mkononi mwangu. Kidogo tu. Kisha ikanyamaza.

Chiriku akaanguka. Mama yake akamdaka, akamwita. Akamwita tena. Hakuna kilichotoka wala kuingia. Nikabonyeza mpira. Nikauchomeka. Nikauachia. Ulijaa polepole, ukawa unatetemeka kiganjani, na ndani yake kitu kinalia, chembamba, kinapanda na kushuka. Nikauingiza kati ya midomo ya mtoto. Nikakamua. Nikakamua mpaka mpira ukashikana pande zote mbili.

Tukasubiri.

Alikohoa. Halafu kifua kikaanza kulia, kwa nguvu, kama zamani. Mdogo wangu akairukia pampu ya pumu juu ya kabati, akaipangusa vumbi kwa kanga, akampa. Tulikaa sakafuni wote watatu, tunasikiliza kifua cha mtoto kinavyolia, na tulilia kwa furaha. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Jioni ileile niliirudisha filimbi. Fundi aliipokea kwa kitambaa, akaitupa kwenye droo ya chini, akafunga. Nikamwekea na mpira wake mezani. Akauangalia jinsi ulivyosinyaa.

"Ulikamua yote?"

"Yote."

"Ya mwanzo ndiyo ilikuwa yake," akasema. "Iliyobaki ni ya marehemu. Ungeiacha."

Nikamwambia hakunieleza hivyo. Akakubali kwamba hakunieleza. Nilimuuliza sasa itakuwaje, akaanza kuingiza vitu vyake ndani, na hakuniangalia tena.

Sikumwambia mdogo wangu. Chiriku alinunuliwa ile ya bati nyekundu, na anaipiga vibaya, kwa kelele zilezile za kutia meno ganzi. Wimbo ule haujui tena. Nimemjaribu mara nyingi, nikajifanya naupiga mluzi, akanitazama bila kuelewa. Kifua chake kinalia siku za baridi, pampu ipo mfukoni, mama yake amerudia kukaa macho. Nilianza kuamini kwamba yameisha.

Juzi tulimpeleka kliniki. Nesi ni yuleyule wa siku zote, mtu mchangamfu. Alimpandisha blauzi, akamwekea kifaa cha kusikilizia mgongoni. Akasikiliza. Kwa kawaida hasikilizi sana, lakini safari hii aliinamisha kichwa na kutabasamu kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Akasema kifua si kibaya. Hakukiondoa kifaa.

Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa, anamfunga mtoto kamba za viatu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, ninatazama mkono wa nesi. Kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga mgongo wa Chiriku, polepole, bila yeye kujua. Kilikwenda, kikazunguka, kikarudi. Kikapita pale wimbo ulipokuwa ukikatika. Kikafika pale nilipoichomoa filimbi, kikatulia.

Chiriku akasafisha koo, mkoromo ule wa mzee.

Kidole kikagonga mara moja zaidi.