Mbegu za Mwarobaini na Kuku wa Umba

Léonie aliishi nje ya Kamina, kwenye njia ya Kabongo. Mwaka ule binti yake Mwila alikuwa na upele. Alijikuna hadi damu. Shuleni watoto walikataa kukaa naye benchi moja.

Mama Débora, muuguzi wa misioni, alimpa dawa ya kupaka. Alimpa pia majani ya mti unaoitwa mwarobaini.

"Chemsha haya, umuoshe nayo. Asinywe. Na mablanketi yote, chemsha."

Upele ulipungua. Siku nyingine Débora alileta matunda ya manjano ya mti ule.

"Mama Léonie, mbegu iko ndani. Panda, bantu bapate majani karibu."

Alitaka kueleza zaidi, lakini aliitwa kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, akakimbia.

Léonie aliyatunza matunda kama mama yake alivyotunza mahindi ya kupanda. Aliyatundika jikoni juu ya moshi, wadudu wasiyale. Mvua iliponyesha, akayapanda pamoja na mahindi yake. Mahindi yakaota. Mwarobaini haukuota. Léonie akaona nyayo za kuku kwenye udongo, na jirani mwenye kuku alikuwa Umba.

Kisimani, mbele ya wanawake wote, akapaza sauti.

"Umba! Kuku yako njo ilikula dawa ya mutoto yangu! Ao ni jicho yako mubaya?"

"Eee, jicho ya Umba!" wengine wakacheka.

Umba alijitwika mtungi wake, akaenda.

Débora aliporudi, alifukua udongo kwa kidole.

"Kuku gani? Mbegu iko yote hapa." Alivunja moja. Ndani ilikuwa nyeusi, kavu. "Ulibeka wapi?"

"Juu ya moshi. Sawa mahindi."

"Aa, mama! Mahindi inavumilia. Hii moshi inaiua. Toa nyama ya tunda, osha mbegu, anika ku kivuli. Kisha panda mbio, ingali mupya. Usifukie sana. Funika na nyasi kidogo, mwagilia polepole."

Léonie alitamani ardhi immeze. Tangu siku ile aliteka maji saa sita, jua likiwaka, wenzake wakiwa nyumbani. Kanisani alikaa nyuma, karibu na mlango.

Mchana mmoja alipita kwa Umba. Kuku wote walikuwa wamefungwa mguu kwa kamba. Umba alikuwa akiwapa mahindi kwa mkono, maana hawakuweza kujitafutia.

"Umewafunga tangu lini?"

"Tangu kisima. Débora akileta mbegu ingine, baseme tena kuku ya Umba?"

Alisema bila hasira. Hilo lilimuuma Léonie kuliko matusi.

Kesho yake, Jumapili, hakungoja saa sita. Alfajiri, kisimani, aliweka mtungi chini na kupiga magoti.

"Bamama, haikukuwa kuku. Haikukuwa jicho. Ni minyi niliua mbegu na moshi. Umba, nilikuharibia jina. Unisamehe."

Hakuna aliyecheka. Umba alimshika mkono.

"Simama, yaya, dada yangu. Utaingia na matope kanisani."

Débora alipopata matunda mengine, wanawake wale wawili walipanda pamoja. Walitia udongo katika kikapu cha zamani, wakakiweka kivulini. Miche ikaota. Ilipopata nguvu, Léonie alipanda mche wa kwanza nyuma ya jiko la Umba. Alisuka uzio wa fito kuuzunguka. Kisha aliinama, akafungua kuku mmoja mmoja.

Jogoo alisimama tu, hakujua kamba imetoka.

"Kwenda, mujinga!" Umba akamwambia. "Bamekusamehe!"

Miti ile imekua. Mwila ana ngozi safi, na anakaa katikati ya benchi. Kina mama huja kuchuma majani na kuomba mbegu. Léonie huwaambia kwanza, "Usitundike juu ya moshi. Minyi nilifanya vile, nikamutukana bule jirani yangu."

Naye Umba, akiwa karibu, huwarushia kuku wake mahindi, kana kwamba hasikii.