Bi Salvina Ampelekea Mwanawe Habari ya Harusi

Viazi vitamu vilikuwa vingi mwaka ule wa 1986. Kule Didia kila jiwe lilijaa michembe iliyoanikwa juani. Bi Salvina alikaa mlangoni kwake na kisu kikali. Alimenya kiazi, akakikata vipande vyembamba, akavitupa kwenye ungo. Mkwewe Lukresia alivichukua na kwenda kuvianika.

Wanawake hawa wawili waliishi pamoja kwa upendo. Telesphori, mtoto wa Bi Salvina, ndiye aliyekuwa mume wa Lukresia. Alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978. Hakurudi. Aliacha binti mmoja, Anisia.

Lakini siku hiyo hapakuwa na machozi pale nyumbani. Anisia sasa alikuwa muuguzi mjini Mwanza, naye alikuwa ameposwa. Ng'ombe wa mahari walikwisha kuletwa. Harusi ingefungwa Mwanza mwezi wa nane, siku ya Jumamosi.

"Harusi ikiisha, tutapanda meli," alisema Lukresia. "Tutakwenda Kagera kulitazama kaburi la Baba Anisia."

Bi Salvina akaweka kisu chini.

"Harusi ikiisha? Mama Anisia, tangu lini baba wa bibi harusi akapewa habari baada ya ubwabwa kuliwa? Mwanangu aletewe makombo kama mgeni asiyealikwa? Mimi nitakwenda kumwambia kwanza. Nisipomwambia, siingii kanisani."

Bi Salvina hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili. Lukresia aliogopa. Harusi bila bibi yake Anisia ingekuwa harusi gani?

"Mama, usihangaike," ilisema sauti nene kutoka uani. "Mimi nimekwisha kupanga yote."

Huyo alikuwa Mabula, mdogo wake Telesphori. Mabula alichimba dhahabu huko Nyarugusu. Alikuwa amekuja kupokea ng'ombe, na ng'ombe walipokwisha kupokelewa, akabaki kula michembe. Alikuwa mtu mwema, mwenye nguvu na maneno mengi.

"Alhamisi tunashuka na treni Mwanza," alisema. "Hapo hapo tunaingia melini. Ijumaa tuko Kyaka. Nachimba udongo pale kaka alipoanguka. Jumamosi asubuhi tuko kanisani, tumeoga, tumepaka mafuta!"

"Udongo usisahau," alisema Bi Salvina. "Kaka wa mzee wako alipofia Tabora, mzee alileta hapa udongo wa kaburi lake. Tutauweka hapa, kando ya kaburi la baba yenu."

"Nisahau udongo? Mimi? Udongo ndio kazi yangu!"

Ulikuwa mpango mzuri sana. Ulikuwa na kasoro moja tu. Mabula hakuwa amemuuliza mtu yeyote.

Jioni hiyo jirani yao Onesmo alipita kusalimia. Onesmo alikuwa askari katika vita vile vile. Alihamia Didia mwaka uliopita, kwa kuwa mkewe alizaliwa hapo. Sasa alilima pamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu michembe. Tunakwenda Kagera kwa mwanangu!"

Mabula akamweleza Onesmo mpango wake wote, bila kuvuta pumzi. Onesmo alisikiliza huku akitafuna.

"Ndugu yangu, meli ya Bukoba inaondoka Alhamisi?" aliuliza.

"Kwani ziwa linakwenda wapi? Liko pale pale kila siku."

"Ziwa lipo. Naulizia meli."

Mabula akakohoa. Lukresia akacheka mpaka ungo ukamtoka mkononi.

"Meli ina siku zake," alisema Onesmo. "Anisia yuko Mwanza. Mwambieni aende bandarini aulize. Kisha mwende wiki moja kabla ya harusi, si siku moja kabla. Meli ikichelewa, basi likiharibika, mna nafasi ya kusubiri. Chukueni pia barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kule ni karibu na mpaka. Mtaulizwa ninyi ni nani, na mnakwenda wapi."

"Hayo tumesikia," alisema Bi Salvina. "Na kaburi la mwanangu liko upande gani wa Kyaka?"

Onesmo akaacha kutafuna.

"Mama, hamkuambiwa? Wengi walianguka Kyaka na mbele ya Kyaka. Lakini hawakuachwa porini. Mashujaa wetu walizikwa Kaboya, upande wa Muleba. Kuna askari wanaopatunza mahali pale. Wapeni jina, watawaonyesha."

Miaka yote hiyo Bi Salvina alifikiri mwanawe amelala peke yake katika majani.

"Ana wenzake?" aliuliza.

"Anao wengi, mama."

"Ahsante, baba," alisema Bi Salvina, akajifuta macho kwa upande wa kanga. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

"Hata hivyo mimi nataka kupaona Kyaka," alisema Lukresia. "Nimepaota mara nyingi. Nataka nipaone mchana, kwa macho yangu."

"Nendeni, shemeji. Ni pazuri. Daraja limejengwa upya. Ila tembeeni njiani tu, pale watu wanapopita. Na wewe Mabula, usichimbe."

"Nisichimbe! Udongo je?"

"Mwombeni askari wa Kaboya. Atawapa wa juu, wa kuchota kwa mkono."

"Udongo wa juu!" Mabula alikasirika kweli. "Udongo wa juu ni wa kuku. Muulize mchimbaji yeyote Nyarugusu. Cha maana kiko chini!"

Onesmo akanyoosha mkono wake wa kushoto. Vidole viwili havikuwapo.

"Hivi sikuvipoteza vitani," alisema. "Vita vilikuwa vimekwisha. Tulikuwa tunasafisha shamba la mtu. Nikaona kidude kinang'aa kidogo, kama kifuniko cha birika. Nikakigusa tu. Mabula, bomu halijui kwamba vita vimekwisha. Linakaa ardhini miaka na miaka. Ukiliona, simama. Usiliguse, usilipige jiwe. Rudi kwa nyayo zako zile zile. Weka alama mbali nalo, watu waone. Kisha toa habari kwa kiongozi au kwa askari."

"Nimesikia," alisema Mabula.

Kusikia alisikia. Lakini katika mfuko wake wa safari alificha sururu ndogo.

Anisia aliuliza bandarini, akaleta habari ya siku ya meli. Bi Salvina alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti kuchukua barua. Lukresia alifunga michembe, karanga, dawa za malaria na dumu la maji yaliyochemshwa. Walipanda treni Shinyanga, na Mwanza Anisia akajiunga nao. Meli ilipong'oa nanga, Bi Salvina alishika ukingo kwa mikono miwili.

"Mayo, mama yangu, maji haya yote ni ya nani?" aliuliza.

"Ya serikali, bibi," alisema Anisia, na wote wakacheka.

Asubuhi walishuka Bukoba. Walikula ndizi, wakapanda basi la Kyaka.

Lukresia alisimama kwenye daraja, akautazama mto Kagera ukipita chini. Akatazama pia kuta za kanisa lililobomolewa na vita. Watoto wa shule walipita wakiimba. Mwanamke mmoja aliuza maharage.

"Katika ndoto zangu hapa palikuwa na moshi tu," alisema. "Kumbe watu wanapika, wanasoma. Anisia, baba yako hakupigana bure."

Walipogeuka, Mabula hakuwapo.

Mabula alikuwa nyuma ya kichaka, mbali na njia. Mchimbaji ni mchimbaji. Alikuwa amepiga magoti, na sururu ilikwisha kuingia ardhini hadi mpini. Alitaka kumpelekea mama yake udongo wa maana, si wa kuku. Akapiga tena. Sururu ikagonga chuma.

Kwa mchimbaji, mlio kutoka chini ni habari njema. Mkono wake ukashuka wenyewe kupangusa. Akaona kitu cha duara chenye kutu, na nyuma yake vipande vya bati kama mkia wa samaki.

Mkono wa Mabula ukabaki hewani. Aliviona vidole vya Onesmo, vile visivyokuwapo. Aliiacha sururu pale pale. Akasimama polepole, akarudi kwa kukanyaga nyayo zake zile zile. Alipofika njiani akavua shati lake jekundu, akalifunga kwenye mti.

"Msije huku!" alipiga kelele. "Mama, simama hapo! Anisia, wazuie watoto!"

Walikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa pale. Mwenyekiti aliwaita askari. Askari waliwaondoa watu na mbuzi, na mwenye maharage naye akaondoka na kapu lake. Jua lilipoanza kushuka ukasikika mshindo mkubwa, na ndege wote wa mtoni wakaruka.

"Lilikuwa bomu zima," alisema sajenti wao, jina lake Januari. "Watoto huchunga mbuzi pale kila siku. Nani aliliona?"

"Mimi," alisema Mabula kwa sauti ndogo, kifua wazi. "Lakini nilikosea. Nilikatazwa kuchimba, nikachimba."

"Ulikosea kuchimba. Hukukosea kuliacha na kutoa habari. Wengi hukosea yote mawili."

Bi Salvina alimpiga mwanawe kofi la mgongo, kisha akamkumbatia.

"Nilikuja kumsalimia mtoto mmoja," alisema. "Ulitaka nizike wa pili?"

Basi la jioni lilikwisha kuondoka. Lukresia alianza kuhesabu siku kwa wasiwasi. Lakini kwa sababu walitoka nyumbani mapema, nafasi ilikuwapo. Wakalala kwa mwenyekiti. Asubuhi sajenti Januari alikuwa anakwenda Kaboya na lori la jeshi, akawapakia wote wanne. Kwa jinsi Bi Salvina alivyokaa mbele na dereva, ungedhani lori ni lake.

Kaboya palikuwa kimya na pasafi. Makaburi yalikaa kwa safu, na majani yalikuwa yamefyekwa. Januari akauliza jina, akaenda mbele, akasimama.

"Huyu hapa, mama."

Anisia alisoma jina la baba yake kwa sauti. Kisha akashindwa kuendelea. Lukresia akamshika. Mabula alitazama juu, kama mtu anayetafuta mvua.

Bi Salvina hakulia. Aliketi chini, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika nyumbani kwa mwanawe.

"Telesphori, ni mama yako. Nimekuja na meli. Binti yako anaolewa Jumamosi. Kijana ni mwema, anasali, na ng'ombe wote wamefika. Mdogo wako alitaka kutuua, lakini tumemsamehe. Mpe mtoto wako baraka."

Wakasali Baba Yetu. Kisha Bi Salvina akamgeukia sajenti.

"Baba, naomba udongo kidogo wa mahali hapa."

"Chukua, mama."

Mabula aliinama, akachota udongo wa juu kabisa, kwa vidole tu. Akaufunga katika kitambaa cha mama yake.

"Huu ndio wenyewe," alisema.

Walidhani sasa wataondoka. Lakini Bi Salvina alisimama mbele ya kaburi la pili, jirani na la mwanawe.

"Nisomee huyu."

Anisia akasoma jina. Bi Salvina akasema, "Mwanangu, nawe unakaribishwa harusini Jumamosi." Akaenda kaburi la tatu. "Na huyu?"

"Mama," alisema Lukresia, "utawaalika wote?"

"Kwetu hualiki nyumba moja ukairuka ya jirani. Hawa wamekaa na mwanangu miaka yote hii. Soma, mjukuu wangu."

Anisia akasoma, jina baada ya jina: majina ya Kikristo na ya Kiislamu, ya Kihaya na ya Kimakonde, ya watu wa Singida na watu wa Pwani. Kila mmoja alialikwa. Sauti yake ilianza kwa machozi, ikaishia kwa kicheko. Mwisho wa safu Bi Salvina alipiga kigelegele kirefu, na Lukresia akakipokea.

Sajenti Januari alisimama wima. Akapiga saluti.

"Mwaliko umepokelewa, mama," alisema. "Wao hawataweza kusafiri. Nitaomba ruhusa nije kwa niaba yao."

Bi Salvina alimtazama kuanzia buti hadi kofia.

"Kwa niaba ya wote hawa?" alisema. "Basi njoo na njaa."