Nywele za Hansai

Msuko wa kwanza ulitoka mzima mkononi mwa Delu, pamoja na mizizi yake, na Hansai hakusikia hata maumivu.

"Mama, unanisuka au unaning'oa?" binti alitania.

Delu hakucheka. Miaka ishirini alikuwa akiwasuka wanawake wa Zaria, na hakuwahi kuona nywele zikiaga kichwa namna ile. Harusi ya Hansai ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Kisha wekundu ukamtokea mashavuni, ukavuka pua na kutanuka kama kipepeo. Viungo vikamuuma, miguu ikavimba. Ndipo wateja waliokuwa wakingoja zamu uani, mchana kweupe, wakaanza kusikia kitana kikipita kwenye nywele ndani ya chumba alimolala Hansai peke yake, kikipita taratibu, na harufu ya nywele zilizoungua ikiwafuata mpaka nje, na binti akinong'ona na kunyamaza, akinong'ona na kunyamaza, kama anayejibiwa.

"Binti yako ana mtu, na si binadamu," jirani alisema kwa sauti ya chini. Hakurudi tena kusuka. Wakwe nao wakavunja uchumba.

Delu akamwita Gwamma, mganga wa majini. Mafusho yalipojaa chumbani, Hansai alifumbua macho, na sauti nzito isiyo yake ikamtoka.

"Nywele sikuzila mimi. Ugonjwa nimeukuta damuni. Nilimkuta analia peke yake, nikakaa naye."

"Muongo! Mtoe, Gwamma, mtoe!" Delu alipiga kelele.

Gwamma akamtoa. Kisha mganga akaubonyeza mguu wa Hansai. Kidole kikaacha shimo.

"Hili si la jini, mwanangu," alimnong'oneza Delu. "Mpeleke hospitali leo hii."

Daktari alieleza kwamba kinga ya mwili wa Hansai ilikuwa ikiushambulia mwili wenyewe. Ngozi na nywele zilitoa taarifa tu; figo ndizo zilizokuwa zikifa. "Mngemleta mapema…" alisema.

Jioni kengele ya kuwatoa wageni ililia.

"Usiende, Mama. Kule nyumbani nilikuwa na wa kuongea naye."

Muuguzi alimshika Delu mkono akamtoa. Mlangoni Delu akageuka, akanong'ona, "Kama unanisikia, nisamehe. Rudi ukae naye."

Kando ya Hansai, ukingo wa godoro ulibonyea taratibu, kama mtu ameketi. Binti akageukia upande ule, akatabasamu.

Alfajiri walimkuta amefariki, vidole vyake vimekunjika kama bado vimeshikwa.