Mashati Juu ya Paneli

Walijuana kwa ngazi. Mhandisi wa sola aligeuka ghafla ndani ya duka la vifaa vya umeme lililojaa watu, na ngazi aliyobeba ikamgonga kisogoni mfamasia mmoja aliyevaa gauni la njano. Akaomba radhi mara nyingi mno, mpaka binti akacheka. Mwaka haujaisha, alikuwa amemfungia paneli kwenye paa fupi la nyuma ya nyumba yake, na habari za ndoa zilishaanza.

Paneli hizo zilituma taarifa kwenye simu ya mhandisi. Siku moja, adhuhuri, umeme ukashuka ghafla. Kesho yake tena. Jua kali, wingu hakuna. Basi kuna mtu anayezitia kivuli, na mwenye nyumba yuko kazini! Wivu ukampanda. Akapiga simu.

“Laazizi, nyumbani kwako kuna nani?”

“Paka tu. Kwani vipi?”

“Nimeuliza tu, mpenzi.”

Hakuuliza tu. Akabeba ngazi, akaenda, akapanda. Juu ya paneli alizozifunga kwa mikono yake yalitandazwa mashati ya kiume na suruali, maji yakichuruzika. Akampigia tena.

“Njoo nyumbani. Sasa hivi!”

Mfamasia alifika mbio, koti jeupe la kazi bado mwilini.

“Paka wako anavaa suruali?” mhandisi alimuuliza kutoka juu ya ngazi.

“Kumbe unanipeleleza kwa simu?”

“Usinigeuzie kibao. Za nani hizi?”

“Za baba.”

“Si uliniambia yuko safarini?”

“Alikuwa jela. Ametoka juzi.” Machozi yakamlengalenga. “Niliogopa ukijua utaniacha.”

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee mwembamba akatoka na beseni mkono mmoja, kiti mkono wa pili.

“Mwanangu, hivi vioo vinakausha nguo haraka, sijapata kuona!” Kisha akamwona mgeni, akasimama kama anayesubiri kufukuzwa.

Mhandisi aliona aibu. Akateremka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Nguo zako zinatunyima umeme. Kesho nitakufungia kamba ya kuanikia. Na nina ombi. Nataka kumwoa binti yako.”

“Muulize mwenyewe. Mimi bado najifunza kufungua milango.”

Mfamasia alikuwa amekunja mikono. “Nitaolewa na wewe ukiitoa nyumba yangu kwenye simu yako.”

Mhandisi akamkabidhi simu. Binti akazifuta mwenyewe taarifa zote za paneli zake, taratibu, mhandisi akitazama, na ndipo akamruhusu amshike mkono.