Sensa Tatu na Kichwa cha Mtoto Mmoja

Jirani zangu, mlioko vibarazani na mlioko jikoni, nipeni masikio kidogo. Jambo hili lilitokea mbele ya macho yangu, na mimi mwenyewe sina mikono safi.

Mimi ni fundi cherehani. Dirisha langu linatazamana na gereji ya jirani tunayemwita Fundi Sikio. Jina hilo alilipata kwa haki. Ukimletea gari, aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja, kisha akakuambia ugonjwa wake. Vipimo alividharau, alisema ni vya watu wasio na masikio. Asubuhi ilikuwa raha kuwatazama: yeye akifuta kioo cha kigari chake cheupe, mkewe akimfunga kamba za viatu binti yao wa miaka tisa, halafu baba na mwana hao wanaondoka, mmoja shuleni, mwingine kutafuta vipuri. Nyumba ilikuwa na utulivu hadi nikaionea wivu.

Siku moja taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, ile ya manjano. Fundi Sikio akaazima kijimashine cha kusoma hitilafu, kikamtajia sensa ya oksijeni. Kwa sisi tusiojua, hicho ni kidude kinachofanana na plagi, kimefungwa kwenye bomba la moshi karibu na injini. Kazi yake ni kupima hewa iliyobaki ndani ya moshi na kuiarifu injini, ili ijue iongeze petroli au ipunguze. Fundi akakifungua, akakitupa, akafunga kipya. Taa ikatulia siku tatu, ikawaka. Akafunga cha pili, ikawaka. Akafunga cha tatu huku akiwalaani waliokitengeneza, na taa ilipowaka tena alichukua tepu nyeusi ya umeme akaiziba. Aliniambia mwenyewe, akicheka, kwamba sasa imepona.

Kila asubuhi gari likiwa baridi lilitoa mlio mdogo, tik tik tik, na likishapata moto mlio unapotea. Hata mimi niliusikia. Nilipomuuliza, alisema ni valvu, hazina neno, na nirudi kwenye vifungo vyangu.

Siku hizohizo mtoto akaanza kulalamika kichwa. Akifika shuleni anatapika, ikifika saa sita yuko sawa. Mama alimpa vidonge. Baba naye alikuwa akimeza vidonge vilevile kila asubuhi, akisema wateja wanamuumiza kichwa, lakini maumivu ya mtoto aliyaita uvivu wa hesabu. Siku moja binti alikuja kwangu kupunguziwa sketi iliyokuwa inamvuka kiunoni, akaniambia kichwa kinamuuma. Nikamcheka. Nikamwambia anadeka. Nayasema haya kwa aibu.

Mwishowe baba akatoa kauli: akisikia tena habari za kichwa, mtoto anakwenda shule ya bweni. Tangu siku hiyo ukimuuliza, jibu lilikuwa moja tu, hakiumi. Nyumba nzima ikashukuru kwamba amepona.

Ndipo shangazi yake akaja kuwatembelea. Huyu ni dada mkubwa wa Fundi Sikio, anafundisha umeme wa magari chuoni, na ni mtu ambaye akiona kitu kimefunikwa hatulii mpaka akifunue. Asubuhi ya kwanza, mvua ikinyesha, akapanda gari kumsindikiza mtoto. Akaketi nyuma, mtoto mbele kwenye kiti chake cha kila siku, kioo cha upande wake kimekwama juu, hakifunguki, miezi mingi. Baba peke yake alikuwa ameshusha kioo chake ili asikilize injini. Walipofika shuleni, shangazi kichwa kilikuwa kinamgonga. Akamwona mtoto anahangaika na kitasa cha mlango, vidole havimtii.

"Mwanangu, kichwa kinaanza kuuma wapi?" akamuuliza.

"Hakiumi, shangazi."

"Sikuuliza kama kinauma. Nimeuliza kinaanzia wapi njiani."

Mtoto akamtazama baba, kisha akafikiri. "Tukipita mzunguko wa kwanza. Jumamosi hakianzi."

Fundi akamwomba dada yake asimchochee mtoto. Dada alimzuia kuwasha gari tena, akambeba mtoto mgongoni hadi kituo cha afya kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Huko mtoto akawekewa oksijeni. Daktari akasema damu yake imebeba sumu ya moshi wa gari, na kwamba safari nyingine chache kama ile, mtoto angesinzia kitini asiamke.

Mchana mama aliitwa, akabaki kituoni na mtoto, na ndugu wale wawili wakarudi na gari, vioo vyote vinavyofunguka vikiwa chini. Mimi niliiacha sindano ndani ya kitambaa, nikavuka barabara. Udaku, ndiyo, lakini nilitaka kujua moshi ulipitia wapi.

Shangazi aliacha injini ipate moto vizuri, akaunganisha mita yake kwenye waya wa sensa, akaniita nisogee nione namba. Akanieleza kwamba sensa nzima haikai mahali pamoja. Namba hupanda karibu na volti moja petroli ikizidi, hushuka karibu na sifuri hewa ikizidi, hupanda tena, kwa sababu injini inaongeza na kupunguza petroli muda wote. Ya kwetu ilikuwa imelala chini kabisa.

"Si unaona?" Fundi akasema. "Mbovu hiyo. Ya tatu hiyo."

"Au inasema kweli na hutaki kuisikia," dada akajibu. "Tuijaribu."

Akachukua kopo la gesi inayowaka, ambayo kwa injini ni kama petroli, akapuliza kidogo kwenye njia ya hewa ya injini. Namba ikaruka juu papo hapo. Akaacha, ikashuka. Akarudia, ikaruka tena. Nikajikuta nacheka kama mtoto. Sensa ilikuwa nzima. Kama ni nzima, akasema, basi kweli kuna hewa ndani ya bomba, na hewa hiyo haikutoka kwenye injini. Tutafute mlango ilikoingilia.

Injini ilipopoa, akaingiza bomba la pampu ya upepo kwenye mdomo wa ekzosi, mwisho wa bomba la moshi, akaziba pembeni kwa kitambaa, kisha akapaka maji ya sabuni pale bomba linapoungana na injini. Tukainama wote watatu. Nyuma ya bati la kuzuia joto povu likaanza kuvimba. Gasketi, ile pete ya kuziba maungio, ilikuwa imeungua na chuma kimepasuka, pembeni kuna alama nyeusi ya masizi. Hewa iliingia hapo ikaidanganya injini, injini ikaongeza petroli, na moshi mchafu ukatokea hapohapo, ukapenya tundu la nyaya hadi miguuni pa mtoto. Ule mlio wa tik tik ulikuwa ni moshi unatoka; chuma kikipata moto ufa ulibana kiasi cha kumeza mlio, si kuziba moshi.

Fundi Sikio akakaa juu ya tairi. Akasema, "Dada, niliusikia. Kila siku niliusikia."

Aliyarekebisha yote jioni ile. Siku ya tatu mtoto akarudi shuleni kwa gari hilohilo, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni waliporejea. Baba alipiga goti mbele yake, akamwomba radhi, akamuuliza taratibu kama leo kichwa kinauma.

"Hakiumi, baba," mtoto akajibu haraka, macho yake yakiwa kwenye uso wa baba.

Lilikuwa jibu lilelile alilotupa wakati sumu ilikuwa inamwingia. Baba akageuka kumtazama dada yake, kama anayeomba kipimo. Dada akatikisa kichwa. Gari lilikuwa limepimwa, lakini mtoto hana waya wa kuunganishia mita.

FUNZO

Jirani zangu, anayekuletea habari mbaya mpime kabla hujamlaumu. Kidude cha chuma ukikibadilisha bure umepoteza kipuri tu. Mtoto ukimtisha mara moja kwa sababu amesema anaumwa, atajifunza kukuridhisha, na utaishi naye nyumba moja bila kujua hali yake. Mtoto akisema anaumwa, muulize wapi, lini, na siku gani haumwi, kisha ukae kimya usikilize. Nami nawaomba radhi wote niliowahi kuwaambia wanadeka. Binti yule bado hajaniambia kitu kingine tangu siku ya sketi.