Koku Hakai Chini

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya ujenzi pale Tegeta hujaa mpaka wateja wanapumuliana visogoni. Mwenye kiwanja anataka saruji, mwenye saruji anataka nondo, mwenye nyumba tayari anataka rangi, na wote wanataka wahudumiwe kwanza. Kwenye kaunta alikuwapo Kokushubila, ambaye wateja waliomzoea walimwita Koku. Alikuwa amesimama wima kama kawaida yake, gauni la kitenge cha bluu limemkaa vizuri, nywele kazibana nyuma, na kiti alichopewa na mwenye duka kimesukumwa pembeni kama hakina mwenyewe.

Fransis aliingia humo kwa bahati tu. Alikuwa fundi wa milango ya kuchonga, mkazi wa Mtoni, na siku ile alikuwa Tegeta kufunga mlango kwenye nyumba mpya, vanishi ikamwishia katikati ya kazi. Vumbi la mninga lilimjaa mpaka kwenye kola ya shati. Zamu yake ilipofika akaomba kopo la vanishi, na Koku akamwonyesha kwa kidole rafu ya chini kabisa.

"Lile pale. Jichukulie, kaka."

Fransis akaliangalia kopo, kisha akamwangalia Koku, aliyekuwa karibu nalo kuliko yeye. "Kwetu Mtoni muuzaji ndiye anainama."

"Basi ungenunua Mtoni."

Watu wa foleni wakacheka. Fransis naye akacheka, akazunguka kaunta, akainama akachukua kopo lake, na alipokuwa analipa akamwita bosi. Jumatatu alirudi kununua msasa ambao hakuuhitaji. Siku nyingine akafuata gundi. Mwishowe akaja mikono mitupu, akasema hana shida na kitu chochote cha dukani, anaomba namba ya simu tu. Koku akampa, akajifanya anamhudumia mteja mwingine ili asionekane anavyotabasamu.

Sasa asije mtu akamwona Koku ana dharau. Alikuwa hainami kwa sababu mgongo haukumruhusu. Miaka ya chuo aliteleza kwenye ngazi za hosteli akiwa na ndoo ya maji, na tangu siku hiyo pingili za chini ya mgongo hazikukaa sawa tena. Kitu fulani cha kati ya pingili hizo kilisogea kikabana mshipa wa fahamu, na maumivu yakawa yanaanzia kiunoni yanashuka mguu wa kushoto hadi kisiginoni. Alikwenda hospitali zilizo karibu na zilizo mbali. Daktari bingwa alimwambia ukweli bila kuuzungusha: kwa hali yake kisu kinaweza kisisaidie, kinaweza hata kuharibu zaidi, na matibabu mengine yanayosikika yako nchi za watu. Akapewa vidonge, mkanda wa kiunoni na mazoezi, akaambiwa ajifunze kuishi nayo.

Akajifunza kweli, ingawa kabla ya hapo alipakwa mafuta ya mbuni, akaumikwa kwa pembe, akawekewa mikono na waombaji wa kila aina. Alijua kusimama kunamfaa, kutembea kidogo kunamfaa, na kulala sakafuni miguu ikiwa juu ya kiti kunamfaa kuliko vyote. Kuinama, kunyanyua na kukaa chini vilimlaza siku nzima, wakati mwingine wiki.

Na alijifunza kunyamaza. Kabla ya Fransis alikuwapo Allen, mtu wa benki, mpole, aliyekwisha kuanza kuongea mambo ya kutuma washenga. Koku akamweleza habari za mgongo kama anavyopaswa mtu mkweli. Allen hakukasirika wala hakubisha. Alisema atazungumza na nyumbani kwao, na nyumbani kwao wakasema mwanamke wa mgongo hazai na akizaa hawezi kulea. Mazungumzo yakaishia hapo. Koku aliumia, akaapa kwamba mwingine atakayekuja hataambiwa mpaka awe ameshamvisha pete.

Basi kila jioni Fransis alipiga simu. Alimuuliza bosi amekula nini, bosi amewafokea wateja wangapi, bosi anamkumbuka fundi wake au ndiyo hivyo tena. Koku alimjibu akiwa chali sakafuni, miguu kitini, simu begani, na Vaileth, dada yake aliyekuwa akiishi naye, akipita juu yake kwenda jikoni. Walikuwa wanacheka mpaka vocha inakata. Fransis alikuwa na maneno matamu yasiyo na haraka, na Koku alipenda hasa namna alivyokuwa akitulia kwanza kabla ya kujibu jambo la maana. Alimpenda, hilo halikuwa na ubishi tena, na kadiri alivyompenda ndivyo siri ilivyozidi kuwa nzito.

Mambo yaliharibika siku ya komunio ya kwanza ya mtoto wa Jesca, dada wa Fransis. Sherehe ilikuwa nyumbani kwa mama yao, Mama Demetria, Mtoni. Koku alivaa gauni la rangi ya maziwa na viatu bapa, mkanda wake ameufunga ndani usionekane. Akaamkia, akapokewa vizuri, akapelekwa uani walikokuwa wanawake wanapika. Walikuwa wamejaa kwenye mikeka, huyu anachambua mchele, yule anamenya vitunguu, nazi zimerundikwa kwenye beseni.

Mama Demetria alichukua mbuzi yake ya kukunia nazi, kile kibao kifupi chenye meno ya chuma ambacho mtu hukikalia magoti yakiwa juu, akaiweka mbele ya Koku. "Karibu, mwanangu. Tusaidie tui."

Wanawake wakatazamana, maana pale nyumbani mbuzi ya Mama Demetria haikuwa ikiguswa ovyo. Koku alikiangalia kile kibao. Alijua akikaa pale kuinuka ni mpaka ashikwe na watu wawili, tena kwa kilio.

"Samahani mama," alisema. "Kwetu Bukoba hatupikii nazi. Halafu mie sijazoea mambo ya kukaa chini."

"Mhaya huyo, mleteeni kochi," mmoja akasema, na uani pote wakaangua kicheko. Utani wa Wahaya na majivuno yao ni wa siku zote, hakuna anayeununia. Ila Mama Demetria hakucheka. Aliivuta mbuzi yake, akamshika Jesca bega, akajishusha taratibu mpaka akaikalia, akaanza kukuna mwenyewe. Koku alisimama ukutani siku nzima kama mgeni wa serikali, na wote wakaona kwamba maneno ya utani kumbe ni ya kweli.

Jioni Fransis alimsindikiza hadi barabara ya Kilwa. Hakumshika mkono. Alimwambia mama yake hajawahi kumpa mgeni ile mbuzi, na kwao kupewa mbuzi ni kukaribishwa ndani ya nyumba. Koku akajibu kwamba alishaomba samahani.

"Uliomba samahani ukasema hujazoea kukaa chini," Fransis alisema. "Mie nakaa chini, Koku. Gogo nalibana kwa miguu, nachonga kutwa nimekaa chini. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Kama chini ni aibu, ungeniambia mapema."

Hapo ndipo pa kusema. Koku alifungua mdomo, akamwona Allen akilini mwake na upole wake wote, akaufunga. "Ndivyo nilivyo," akasema.

"Haya. Nimekusikia."

Simu ya jioni ikakoma. Koku alijisemea bora iwe hivyo, akawa anauza misumari kwa uso mkavu, na alipofika nyumbani akalia. Maumivu nayo hayakumhurumia. Kule kusimama kutwa mahali pamoja siku ya sherehe kulimrudia, mguu ukawaka moto, vidonge vikawa kama peremende. Akashinda sakafuni. Vaileth alimvumilia kwa muda, kisha akamwambia hajawahi kuona mtu anaachwa kwa ugonjwa ambao hajausema. Akamwekea simu kifuani, akatoka zake nje.

Koku akapiga. Kule upande wa pili ilisikika sauti ya msasa juu ya mbao.

"Fransis, niko chini."

"Chini wapi?"

"Sakafuni. Simu zote zile tulizokuwa tunapigianaga jioni, nilikuwa hapa hapa, miguu kitini." Akamweleza yote, ngazi za hosteli, daktari, mshipa, mkanda. "Sikukataa kukaa na mama yako. Nisingeweza kuinuka."

Msasa ulinyamaza. "Mbona ulikubali tukuone una maringo?"

"Mwenye maringo anaolewa, Fransis. Mgonjwa haolewi."

"Nitakupigia," alisema, akakata.

Hakupiga. Hakupiga kesho yake wala keshokutwa, na wiki ikakatika. Koku hakushangaa. Alikuwa ameshawahi kuisikia nyumba ya mtu ikishauriana juu ya mgongo wake, akajua inavyokwenda. Alirudi kazini akiwa amefunga mkanda juu ya gauni, waziwazi, maana hakuona tena wa kumficha.

Jumamosi Fransis akaingia dukani. Alipanga foleni kama wateja wengine, na alipofika kaunta macho yake yakatua kwenye ule mkanda, kisha yakapanda usoni.

"Mama anakuita kesho baada ya misa."

"Umemwambia?"

"Hapana. Hilo ni lako, utalisema mwenyewe."

"Na mbona hukupiga?" Koku hakushusha sauti, na fundi bomba aliyekuwa nyuma kwenye foleni akajifanya anasoma bei za koki.

"Nilikosa la kusema," Fransis akajibu. "Baba alikufa amepinda, Koku. Kuchonga kulimmaliza mgongo. Na sie nyumbani kazi yetu ilikuwa kumwambia anyooke, watu wanatuangalia. Nimekaa nayawaza hayo. Nikaona nikikupigia kukupa pole tu, nitakuwa sijafanya kitu. Halafu kuna kitu nilikuwa natengeneza."

Koku alitaka kukasirika kwa ile wiki nzima, na kweli alikasirika kidogo. Akamwambia siku nyingine apige hata kama hana la kusema, wanyamaze wote kwenye simu. Fransis akasema sawa, bosi.

Kesho yake uani kwa Mama Demetria hapakuwa na mikeka wala wageni. Alikuwapo yeye na Jesca tu. Katikati ya ua palikuwa na kitu cha mninga kilichosuguliwa vizuri, miguu minne imara, urefu wa kufika kiunoni, na kwa juu kimechomoza chuma chenye meno. Mama Demetria alikuwa anakizunguka kwa mashaka.

"Mwanangu kaniletea mbuzi ya kusimama," alisema baada ya kuitikia shikamoo. "Nimemuuliza ya nini, anasema nikuulize wewe."

Koku alimtazama Fransis, ambaye alikuwa mlangoni na hakumsaidia kwa neno. Basi akasema mwenyewe. Alimwomba mama radhi kwa maneno ya siku ile, akamwambia yalikuwa ya uongo, akaeleza mgongo ulivyo. Mama Demetria alisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Inapona?"

"Haiponi, mama. Kuna siku inatulia, kuna siku inanilaza."

"Na watoto?"

"Daktari amesema nitazaa. Kubeba ndoo ndiyo siwezi."

"Ndoo atabeba Fransis," Mama Demetria alisema, kama mtu anayegawa kazi za Jumatatu. Akapasua nazi, akampa Koku kipande. "Haya, kuna."

Koku akakuna, na hapo ikajulikana kwamba katika uongo wake wa siku ile jambo moja lilikuwa kweli: Mhaya yule kukuna hakujui. Nazi ilirukia huku na huku, nyingine nywele zake, nyingine uso na shati la Fransis aliyekuwa amesogea kuangalia. Jesca alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Demetria akampokonya kile kipande ili amwonyeshe.

Akakuna. Kile kikaisha mpaka kifuu kikabaki cheupe, akachukua kipande kingine, akakuna nacho. Alikuwa amesimama wima, mabega yametulia. Akapasua nazi ya pili bila kuombwa. Koku alikumbuka siku ile mama huyu alivyomshika Jesca bega ili ajishushe, na akamwelewa.

"Mama," Jesca alisema, "leo hujaita mtu wa kukuinua."

Mama Demetria aliendelea kukuna kwa muda. "Tangu nimeolewa nakuna nazi chini," akasema. "Usiku nageuka kitandani kwa kushika ukuta. Nilidhani ndiyo umri. Mgongo wangu mie hakuna aliyewahi kuuliza." Hakusema kwa uchungu, lakini Fransis aliinamisha kichwa.

Akakung'uta nazi iliyokunwa kwenye sinia, akaipangusa mbuzi mpya kwa ncha ya khanga yake, akaishika miguu kwa mikono miwili kuona kama imekaza.

"Hii haitoki hapa," akasema. "Fransis, mtengenezee mwenzio nyingine, ya nyumbani kwenu."

Fransis akamgeukia Koku, uso umejaa nazi na wasiwasi.

"Umesikia, bosi?"

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

Mguu wa kushoto ulikuwa unamuuma, kama ulivyomuuma jana na kama utakavyomuuma kesho. Koku akauhamisha uzito kwenye mguu wa kulia, akaiangalia ile mbuzi kutoka juu mpaka chini.

"Iwe fupi kidogo kuliko hii," akasema. "Mie sio mrefu kama mama."

Fransis akatoa tepu yake ya kupimia mfukoni, akapiga magoti uani, akampima kuanzia ardhini mpaka kiunoni mbele ya mama yake, taratibu, na Koku akasimama wima bila kutikisika mpaka alipomaliza.